Mlango wa Oktoba

Kutimuliwa kazini si jambo la ajabu katika besiboli. Wanaume wazima hutimuliwa kila wiki, wakafungasha glavu zao na kwenda. Lakini siku ya kumtimua mtu nayo ina heshima yake, na Dale Hutchins, kocha mkuu wa Wahunzi wa Buffalo, alichagua siku ambayo hata shetani angeona haya.

Kila aliyewahi kuvaa jezi anaijua sheria. Mchezaji asiyekuwa kwenye timu yako hadi Agosti inapoisha hawezi kukuchezea Oktoba, katika michuano ile ya kutafuta bingwa. Akihama tarehe mosi Septemba, atacheza mechi zilizobaki za Septemba, basi. Oktoba atakaa kwao. Na tarehe mosi hiyohiyo ndiyo siku ya neema, siku kila timu inaporuhusiwa kuongeza watu wawili kwenye orodha. Vijana wa timu za chini wanapigiwa simu, mama zao wanalia kwa furaha. Siku watu wanapoongezwa, Hutchins akampunguza Eligio Paniagua.

Eligio alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa barakoa ya chuma, anamwelekeza mrushaji arushe mpira gani. Miaka thelathini na sita, misimu kumi na minne, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa na Wahunzi. Oktoba hajaicheza hata mara moja, kwa sababu Wahunzi walikuwa timu ya kufungwa na kila mtu. Mwaka huu ndio walikuwa wameamka. Hata vinyozi wa Buffalo walikuwa hawana habari nyingine.

Mwishoni mwa Agosti Eligio aliingia ofisini kwa Hutchins, kofia mkononi.

"Bosi, nimesikia kuna kijana wa kudaka anapandishwa. Sina neno. Ila kama hamnihitaji, niacheni leo. Kuna timu ya kusini inaniulizia, nao Oktoba wanakwenda."

Hutchins akacheka, akazunguka meza, akamwekea mkono begani. "Eligio, wewe ni ukuta wa nyumba hii. Nani anabomoa ukuta wake? Oktoba tunakwenda wote. Neno langu."

"Neno lako, bosi?"

"Neno langu. Nenda kapumzishe magoti."

Naye, mjinga wa watu, akaamini. Akampigia simu Yokasta, mkewe, kule kwao Baní, Jamhuri ya Dominika, wajiandae kuja. Mama yake, bibi wa miaka sabini ambaye maisha yake yote katika joto la Dominika hajawahi kuvaa hata soksi, akaenda mjini akanunua koti la baridi, jekundu, lenye kofia ya manyoya. Akawapitishia majirani nyumba kwa nyumba walione.

Asubuhi ya tarehe mosi Eligio aliitwa ofisini. Safari hii Hutchins hakuinuka. Alikuwa anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe cha karatasi.

"Tumeamua kumpa nafasi yule kijana, Tolland. Ni mambo ya kazi tu, usiyaweke moyoni."

"Bosi, wiki iliyopita ulinipa neno lako."

"Mambo hubadilika." Akatema ganda. "Funga mlango ukitoka."

Hayo ndiyo maneno yake siku zote. Kila aliyetimuliwa na Hutchins aliyajua. Eligio mwenyewe alishawahi kuwacheka wenzake walipokuwa wanayaigiza. Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Alipofika kwenye kabati lake alimkuta mzee Wojcik, mtunza vifaa, anafungua skrubu za kibao cha jina. Alikwishafungua vibao vya mamia ya wachezaji, lakini hiki kilimshinda.

"Nikwambie kitu," Wojcik alinong'ona, "halafu usiseme ni mimi. Mtu anayeokota taulo haonekani na mtu. Wiki iliyopita, ulipotoka tu mle ndani, alipiga simu. Akasema, 'Msimwachie sasa. Akienda kusini leo atatukuta Oktoba na siri zetu zote kichwani. Ngojeni tarehe mosi. Tarehe mosi hatakuwa na faida kwa mtu.'"

"Alisema hivyo?"

"Hatakuwa na faida kwa mtu. Kwa masikio yangu haya."

Eligio alichukua kile kibao akakitia mfukoni. Alitoka bila kumuaga mtu, na hasira aliyotoka nayo haikuwa ya kelele. Ilikuwa ile hasira inayokaa kimya, inakula nawe, inalala nawe. Alimchukia Hutchins kwa moyo wake wote, na alimwomba Mungu ampe nafasi moja tu. Si kumi. Moja.

Mungu si Athumani. Siku ya nne simu ililia. Alikuwa Pruitt, kocha wa Korongo wa Louisville, timu iliyokuwa mkiani kabisa. Mdakaji wao alikuwa amevunjika kidole gumba.

"Mzee, bado unaweza kuchuchumaa?"

"Kuchuchumaa naweza. Kuinuka ndiyo kasheshe."

"Basi njoo, kwetu hakuna aliyeinuka tangu Aprili!"

Eligio akaomba aletewe ratiba. Mechi tatu za mwisho za Korongo, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, zilikuwa Buffalo. Aliitazama ile karatasi mpaka macho yakamuuma, kisha akampigia Yokasta. "Mwambie mama koti asilirudishe dukani."

"Mzee wangu, si umesema Oktoba hatuendi tena?"

"Mwambie tu asilirudishe."

Hutchins naye hakuwa mpumbavu. Alibadilisha ishara zote za timu. Magazetini akasema, "Eligio ni rafiki yetu, tunamtakia heri. Anachokijua kuhusu sisi ni cha jana." Eligio aliyasoma maneno hayo kwenye basi la timu, akalikunja gazeti taratibu, akalikalia.

Ishara zinabadilishwa kwa dakika kumi. Mwili wa mtu je? Kulikuwa na mrushaji wa Wahunzi anaitwa Travis Lindqvist, yule wa kuletwa mwishoni kuumaliza mchezo. Mpira wake wa kasi ulikuwa balaa, na wa polepole ulikuwa balaa zaidi, kwa kuwa mkono ulizunguka vilevile na mpigaji akabaki anapiga upepo. Ila alikuwa na ila moja. Kila akitaka kurusha wa polepole, midomo ilimchongoka kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mwenyewe hakujua. Eligio aliiona miaka mitatu iliyopita na hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu kwa wadakaji huo ni mwiko: kasoro ya mrushaji wako ni kama kasoro ya ndugu yako, unaifunika. Hata Lindqvist hakumwambia, asije akaanza kujishuku. Alimwamuru tu, "Kila ukitaka kurusha, inua glavu mpaka puani." Kijana akatii, midomo ikafichika, na makocha wakadhani ni madaha.

Sasa Wahunzi walikuwa na kijana mpya wa kudaka, Bryce Tolland, na vidude vya kisasa vya kubonyeza ishara moja kwa moja kwenye sikio la mrushaji. Tolland akamwambia Lindqvist, "Unajificha nini uso kama bi harusi? Shusha glavu, uwe huru." Hutchins akasifu, akasema timu inakwenda na wakati. Kikulacho ki nguoni mwako, na ukivua nguo utabaki uchi. Hilo Hutchins hakuliwaza.

Ijumaa Lindqvist aliingia uwanjani glavu ikiwa kifuani. Eligio, aliyekuwa kwenye benchi la Korongo, alisimama wima. Midomo ileile, chai ileile!

Peguero, mchezaji mwenzake aliyetoka Baní pia, alimwona. "Kaka, umeona kitu. Tuambie basi, tuwale nyama."

"Sijaona kitu."

"Mwongo wewe! Umesimama kama umekalia siafu."

"Peguero, kula mbegu zako uniache."

Hakusema, na usiku wa Jumamosi usingizi haukuja, kwa sababu alijua maana yake. Akiwaambia Korongo, ligi nzima itajua kabla ya Krismasi na Lindqvist atakwisha, na Lindqvist hakumkosea. Asipoitumia, Hutchins ataingia Oktoba akiwa anatafuna mbegu zake na kucheka. Mpaka asubuhi alikuwa amekata shauri: hataisema. Lakini macho yake ni yake. Kuona si kuiba.

Jumapili mchana mambo yakafikia pale pale alipoyataka. Wahunzi wakishinda, wanaingia Oktoba. Wakishindwa, nafasi inakwenda kwa wengine. Zamu ya tisa, ya mwisho, Wahunzi walikuwa wanaongoza mbili kwa moja. Korongo walikuwa wamebakiza mtu mmoja wa kutolewa, na mwenzao mmoja alikuwa kituo cha kwanza. Aliyekuwa anakwenda kupiga ni Eligio Paniagua.

Uwanja mzima ulisimama. Watu waliomshangilia miaka kumi na mmoja sasa walikuwa wanamzomea, na wengine walikuwa wanamzomea huku wamevaa jezi yenye jina lake mgongoni. Lindqvist alimtazama, akamwinamishia kichwa kidogo kwa heshima. Hutchins alisimama kwenye ngazi za benchi, shavu limejaa mbegu.

"Mzee, rudi nyumbani!" mtu alipiga kelele jukwaani. "Wajukuu wanakungoja!"

Mpira wa kwanza, midomo imetulia. Wa kasi. Eligio akauacha, ukahesabiwa dhidi yake. Wa pili, wa kasi tena, akaugusa ukaenda pembeni. Makosa mawili. La tatu likija, anatolewa na kila kitu kimekwisha. Mpira uliofuata ulikwenda nje, akaupuuza. Kelele zilikuwa zinatikisa bati.

Lindqvist akavuta pumzi. Midomo ikachongoka.

Eligio akangoja. Kungoja alikuwa amefundishwa na Hutchins. Mkono ukazunguka kwa nguvu, mpira ukatoka kama wa kasi lakini ukaja ukijivuta, nao mwili wote wa Eligio ulitaka kuurukia, akauzuia, akangoja tena, halafu akauchapa kwa kila neno alilolimeza tangu tarehe mosi. Mpira ukapanda, ukapita ukuta wa kushoto, ukatua kwenye maegesho ya magari.

Tatu kwa mbili. Uwanja ukawa kimya mpaka ukasikia viatu vyake vikikanyaga udongo. Alikimbia kituo hadi kituo magoti yakimlilia, na alitaka kucheka kwa sauti. Lakini alipopita kituo cha tatu alimwona Lindqvist. Kijana alikuwa amesimama pale katikati, na taratibu aliinua glavu mpaka puani. Amejua. Roho ilimuuma Eligio, tena ilimuuma sana. Kisha akageuza macho kwa Hutchins, akaona ametema mbegu zote chini, na roho ikapoa.

Wahunzi walibaki na nusu yao ya zamu. Wawili walitolewa haraka, wa tatu akawa Tolland. Eligio, amechuchumaa nyuma yake, akaomba mipira ya chini, nje kidogo. Kijana kama huyu huipenda mipira hiyo kwa tamaa, na Tolland akaipenda mara tatu, akapiga upepo mara tatu. Mpira wa mwisho Eligio aliubana kwenye glavu na hakuuachia hata alipokuwa anaoga.

Hutchins alimfuata kwenye chumba cha kuvalia cha timu ngeni. Peguero akazima muziki. Yule bwana alionekana amezeeka tangu asubuhi.

"Kuna kitu kijana anafanya kabla ya kurusha," alisema. "Nimeangalia picha za mechi mara tano na bado sikioni. Wewe unakijua. Niambie, Eligio. Mwakani watamla mzima."

"Bosi, si mimi sina faida kwa mtu?"

Hutchins akapauka. "Nani amekwambia maneno hayo?"

Eligio alitoa kile kibao cha jina mfukoni, akakitazama, akakipachika juu ya kabati la wageni. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Funga mlango ukitoka," akasema.

Na Hutchins akaufunga. Taratibu, kwa mikono miwili.

Kabla basi halijaondoka Eligio alimwandikia Lindqvist ujumbe: *Glavu puani, daima. Jiulize Septemba hii imekufunza nini, lakini usimwambie bosi.* Jibu likaja baada ya saa nzima: *Sawa, mzee. Lakini uliniumiza.* Eligio akaizima simu. Aliiona haki yake, na alijua ameilipia kwa ngozi ya mtu mwingine.

Oktoba ilimkuta Baní, sebuleni kwake, feni inazunguka, nyama ya mbuzi na wali mezani. Kwenye televisheni timu ya kusini, ile iliyomuulizia, ilikuwa inacheza mechi ya kwanza ya michuano, na mdakaji wao alikuwa amechuchumaa mahali ambapo angechuchumaa yeye. Eligio alitazama bila kupepesa. Lile lilikuwa limepita na halirudi, hata angewafunga Wahunzi mara mia.

Mama yake aliacha kula.

"Na yule mwenzako aliyekudanganya," akauliza, "yuko wapi leo?"

"Kwake, mama. Anatazama televisheni, kama mimi."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nilimpeleka mwenyewe."

Bibi akasukuma sahani yake kando.

"Yokasta, mwanangu, niletee koti langu."

"Mama, na joto lote hili?"

"Nililinunua la Oktoba," bibi alisema, akinyoosha mikono avalishwe. "Lete."