Blogu Iliyokosa Wageni

Baada ya kufiwa na mume, fundi cherehani mmoja alianza kuandika blogu kuhusu nguo alizoshona. Wasomaji walibishana humo kuhusu kola na mifuko mpaka raha. Kisha wakahamia kwenye video fupi, blogu ikapoa.

"Shangazi, siku hizi nani anasoma? Jirekodi tu," binti wa kaka yake alimwambia.

Akajirekodi. Alitabasamu mbele ya simu, akakosa la kusema, akaifuta video hiyo.

"Mimi nataka wa kumsimulia, si wa kunitazama," alisema.

Jioni akaandika kwamba amepunguza suruali ya mteja mwembamba kama marehemu mumewe. Alisubiri mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyejibu. Akazima kompyuta, akiwaza ataandika nini kesho.