Harufu ya Dawa ya Kuchua

Miche arobaini ya tumbaku ndani ya banda la vioo ilikuwa imekataa kuugua.

Mmea wa kawaida, jani lake moja likiambukizwa, hutengeneza homoni iitwayo asidi ya salisili, nayo huyaamsha majani mengine yajihami. Miche hii ilikosa kimeng'enya cha kuitengeneza homoni hiyo, hivyo ilipasa iugue. Mara mbili mtunza banda aliipaka virusi, na mara mbili majani yalibaki kijani kibichi, kana kwamba yanamcheka. Ikishindikana mara ya tatu, mtafiti angeifuta kazi ya miaka sita, ambayo mtunza aliilea tangu mbegu.

Mtafiti, binti wa rika la kitindamimba wa mtunza, kwa kawaida alimpungia mkono tu akiwa nyuma ya kioo. Siku hiyo aliingia, akainama begani pake kutazama jani. Akanusa.

"Mama, umejipaka nini?"

"Dawa ya kuchua. Magoti haya yamekula chumvi nyingi."

"Tangu lini?"

"Tangu nifiwe na mzee wangu. Yeye alikuwa akinichua jioni. Mimi najichua asubuhi, kabla ya kuja. Jioni sipendi."

Mtafiti akaketi juu ya ndoo. "Basi ndiyo hiyo. Harufu hiyo ni salisili iliyovaa koti tu. Majani yanaivuta, yanaivua koti, yanajikinga nayo." Akacheka. "Kikulacho ki nguoni mwako, mama."

Mtunza alicheka pia, kisha akahesabu vidoleni. Miezi minane alikuwa akinuka vile, kwenye foleni ya mkate na kwenye ngazi za nyumba, na hakuna mtu aliyemsogelea kiasi cha kumwambia.

Akaiacha dawa. Alipanda ngazi kwa kushika ukuta, akapanda miche mipya, akaipaka virusi. Siku ya kumi batobato ikatokea, madoa ya njano kila jani. Mtafiti aligonga kioo kwa furaha, akamwinulia kidole gumba, akaenda zake kuandika.

Kesho yake miche yote ingechomwa, migonjwa kwa mizima. Jioni hiyo mtunza alivuta ndoo, akaketi karibu na ile arobaini ya kwanza, akafungua chupa ya dawa. Akaanza na goti la kulia, polepole, maana hapakuwa na kazi ya kuharibika tena.