Mafuta ya Breki Niliyoyafuta

Maneno yalianzia kwa jirani yangu wa mlango wa pili, siku aliyokuja kuchukua sketi niliyomshonea. Alisema kuna kijana alitoa mipira ya kawaida inayopitisha mafuta ya breki kwenye pikipiki yake, akaweka ile iliyovikwa waya wa chuma uliosukwa, na mara ya kwanza aliposhika breki gurudumu la mbele likaganda, yeye akarushwa kama gunia. Nikamuuliza ni kijana wa nani. Akasema hajui, naye kaambiwa tu. Nikamuuliza wapi. Akasema huko huko. Sketi akaichukua, maneno akaniachia.

Binti yangu ndiye mwenye pikipiki ya mbio, ile ya kuendesha umelalia tumbo. Mimi niliishia shule ya msingi, nashona nguo nyumbani, na sijawahi kuusikia mlio wake ukiondoka nisishike kifua. Sasa wiki hiyohiyo akaleta mipira mipya, ya waya uliosukwa, inang'aa kama mikufu. Akaniambia ya zamani imechoka, akibana breki inavimba kama shavu, nguvu inaishia humo badala ya kufika kwenye gurudumu.

"Hii ndiyo salama, mama."

"Kuna mtu amekufa nayo."

"Nani?"

Kwa jirani kijana alirushwa tu. Kinywani mwangu alikuwa ameshakufa.

Fundi alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, mwenye karakana mwisho wa mtaa wetu. Walifanya kazi uani kwangu, mimi nikiwachungulia kutoka kwenye cherehani. Alifungua mipira ya zamani, akafunga mipya. Kila unapounga kuna bolti yenye tundu ndani, mafuta hupita humo. Kisha wakatoa hewa. Binti yangu alishika mkono wa breki juu, shemeji amechuchumaa chini na spana.

"Minya. Shikilia. Haya, achia. Minya tena, usiminye kama unamsalimia mkwe."

"Baba mdogo, mkono umekufa ganzi."

"Ufe, wewe ubaki. Hewa ikibaki humu, siku ya siku unabana upepo."

Mwisho akaniomba kipande cha kitambaa. Nikamkatia kaki, ile ya sare za shule. Akaubana mkono wa breki na usukani, akaufunga nacho hivyohivyo hadi kesho, ili vipovu vilivyojificha vipande juu vyenyewe.

"Umeona, shemeji? Imevaa sare. Sasa ina adabu, usiiogope tena."

Nilicheka, lakini sikuacha kuiogopa.

Asubuhi binti yangu alipoingia kuoga, nikachukua spana aliyoiacha shemeji kwenye kigoda. Nilijiambia hivi: ikivuja wataona, watasema mipira hii mibovu, watarudisha ya zamani. Nikailegeza bolti ya chini, pale gurudumuni. Mafuta yakaruka, kwa sababu breki ilikuwa imefungwa ikiwa imebanwa. Nikashtuka, nikairudisha bolti haraka kwa vidole, kwa nguvu ya mtu anayefunga kopo la sukari. Halafu mikono yangu ikafanya inachofanya siku zote kitu kikimwagika. Nikachukua kitambaa cha kufutia meza, nikafuta bolti, nikafuta gurudumu, nikafuta sakafu. Kitambaa hichohicho nikakipitisha kwenye tangi, maana lilikuwa na vumbi.

Nilitaka uvujaji uonekane, nikausafisha mwenyewe mpaka lisibaki tone.

Shemeji akafika, akafungua kile kitambaa cha kaki, akabana breki. "Ngumu kama jiwe," akasema.

"Kunyweni chai kwanza," nikasema.

"Mama, chai haina magurudumu, itatungoja."

"Basi ingojeni hata ipoe."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, sikusema. Niliona haya. Shemeji ana kawaida yake: pikipiki aliyoitengeneza breki, mtu mwingine haipandi kabla yake. Akaenda polepole hadi mwisho wa mtaa, akageuza, akarudi kwa mwendo. Karibu na geti akabana kwa nguvu. Niliona vidole vyake vinaenda hadi kugusa usukani, bila kitu kuvizuia. Akakanyaga breki ya nyuma, pikipiki ikayumba, ikambwaga kwenye ukuta wa matofali. Bega likavunjika.

Alipokaa chini pale, vumbi usoni, neno lake la kwanza lilikuwa, "Sikukaza. Mimi nimesahau kukaza."

Nikamfuta vumbi kwa kanga, nikamwacha aamini hivyo.

Mtaa ukampa jina: Bila Nati. "Mpelekee Bila Nati, akukabidhi pikipiki na sanda." Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyecheka zaidi. Tulipompelekea shemeji uji, binti yangu akamwambia mbele yangu, "Baba mdogo, si wewe uliyenifundisha kukagua mara mbili?" Mtu mzima yule akainamisha kichwa kama mtoto. Nami nikafungua chupa, nikammiminia uji.

Kilichoniumbua ni tangi. Mafuta ya breki hula rangi, mimi sikujua. Rangi ilikunjamana ikabanduka kwa miduara, miduara ileile ninayofutia meza yangu. Binti yangu akalitazama tangi, akaitazama meza.

"Mama," akasema taratibu, "baba mdogo hafuti hivi."

Nikamwambia yote. Angenifokea ningeshukuru.

"Usiniambie mimi," akasema. "Twende."

Karakanani kulikuwa na wapiga soga wengi kuliko wateja. Shemeji, mkono mmoja umening'inizwa shingoni, alikuwa anajaribu nati iliyokwisha kukazwa. Nikasema mbele yao wote, na bolti, na spana, na kitambaa. Soga likakatika. Mmoja aliyekuwa akimtania akaanza kutafuta viatu vyake.

Shemeji aliiachia ile nati. "Nati naikaza, naondoka, narudi kuikaza tena," akasema. "Usiku nikiwa kitandani naiwaza. Nilishaanza kuiogopa mikono yangu, shemeji."

Hakusema amenisamehe, wala sikumwomba aseme pale. Alimpa binti yangu spana akamwonyesha wapi ashike. Wapo wanaomwita Bila Nati hadi leo, ndiyo maana naandika.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Kubeba maneno ambayo aliyekuletea hajui ni ya nani.

Kugusa bolti ya breki, hata kidogo, hata kwa mapenzi.

Kufuta mafuta yaliyovuja kabla mwenye chombo hajayaona.

Kupitisha kitambaa cha mafuta ya breki juu ya rangi.

Kusema "kunyweni chai" unapotaka kusema "usipande".

Kunyamaza mtu anapojilaumu kwa kosa lako.