Biskuti za Mgeni

Mgeni aliinusa biskuti mara moja tu, akaisukuma kwa pua mpaka ikagonga mguu wa meza, kisha akageuza uso ukutani kama mtu aliyeletewa posa asiyoitaka. Hiyo ilikuwa trei ya nne wiki ile. Baba Mkate aliinama, akaiokota, akaigeuza juu chini kwa jicho la mtu aliyeoka mikate kiwandani miaka arobaini. Haikuungua. Haikupasuka pembeni. Ilikuwa imeiva sawasawa, na bado mbwa mzee mwenye mbavu za kuhesabika alikuwa ameikataa.

Dirishani, paka wa jirani alikwisha kuketi, analamba masharubu. Yeye hakuwa na neno na biskuti za mtu.

"Baba Mkate, unaniharibia paka!" fundi cherehani alipaza sauti kutoka upande wake wa ua. "Jana nimemwekea chakula, amenitazama kama mimi ndiye niliyepotea nyumba."

"Anakula vya mwenzake. Mkanye."

"Nimkanye mara ngapi? Kufa kufaana, jirani." Akacheka. Kicheko kilikatika alipokumbuka kwamba anayekaribia kufa ni mbwa yule wa jirani yake, na cherehani yake ikaanza kukimbia kwa kelele nyingi kuliko kazi iliyokuwepo.

Baba Mkate hakumlaumu. Ulimi hauna mfupa, na yeye mwenyewe alikuwa shahidi wa hilo.

Mbwa hakuwa wake. Alikuwa wa bintiye, aliyemleta miaka kumi na miwili iliyopita ndani ya sweta la shule, amelowa, hajafumbua vizuri hata macho. Baba Mkate alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikafika, jembe halikuonekana, jina likabaki. Mgeni akakua, akazeeka, akapoteza nusu ya sikio moja katika ugomvi ambao chanzo chake alikijua mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita alianza kukataa chakula. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akamtazama meno, akavua glavu taratibu. "Sioni ugonjwa, mzee. Ni umri, na ni upweke. Mtafutie kitu alichokuwa anakipenda. Asipokula, mwezi huu hataumaliza."

Alichokuwa anakipenda kilijulikana. Kilikuwa ndani ya daftari lenye jalada la bluu, juu ya kabati la jikoni, mahali bintiye alipoliacha. Biskuti za mbwa: unga wa ngano usiokobolewa, boga lililochemshwa na kupondwa, yai, karanga zilizosagwa. Biskuti za paka: hivyo hivyo, badala ya karanga samaki. Chini yake, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mistari miwili: USITIE CHUMVI.

Akatia chumvi. Hakukusudia; mkono wake ulirusha chumvi kwenye unga miaka arobaini, na mazoea yana taabu. Trei ya pili alikumbuka chumvi akajisahau akaweka hamira, biskuti zikafura kama vitumbo vya watoto. Ya tatu aliitoa kabla haijakauka. Ya nne ilikuwa kama daftari lilivyoagiza, neno kwa neno, na hiyo ndiyo iliyokuwa sasa imelala chini ya meza.

Kitu kimoja Baba Mkate hakumwambia daktari, wala fundi cherehani. Bintiye alikuwa akipiga simu kila Jumapili saa kumi jioni, kutoka mji wa mbali alikokuwa anafanya kazi, katika chumba ambacho mwenye nyumba hakuruhusu wanyama. Kwa miaka mitatu mazungumzo yao yalikuwa yale yale. Mgeni hajambo? Hajambo. Anakula? Anakula. Haya, mwanangu, uendelee na kazi. Baba Mkate aliyangoja maneno hayo wiki nzima. Mbwa akifa, binti atapiga simu kuulizia nini?

Maana aliyeharibu alikuwa yeye. Siku moja, kabla binti hajahama, shangazi zake walikuwa wamejaa sebuleni, naye akatoka jikoni na trei mbili, uso unang'aa, akatangaza kwamba anataka kuifanya kazi: kuwaokea watu biskuti za mbwa na paka wao. Akamkaribia babaye na biskuti moja. "Onja basi, Baba." Baba Mkate akausukuma mkono ule pembeni. "Nimekusomesha kwa jasho la tanuri," alisema, "leo uje kuwa mpishi wa mbwa?" Shangazi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Binti hakucheka. Alizirudisha biskuti kwenye mkebe moja moja, bila kuvunja hata moja, na baada ya miezi miwili alikuwa ameondoka. Hasira zingekuwa nafuu. Aliondoka kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyokuwa ikimkosesha babaye usingizi.

Saa kumi, simu ikaita. Akaiweka mezani, akafungua spika kama kawaida ili mikono ibaki huru.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Kwa sauti ile Mgeni aliinuka kwa shida, akaenda mlangoni, akasimama akiutazama. Akangoja. Kisha akarudi, akajilaza pale pale alipotoka.

"Mgeni hajambo?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, limelainika kwa kutumiwa.

"Hajambo," alisema. Kisha akasema, "Hapana. Nimekudanganya. Hali kitu, wiki ya tatu hii."

"Ya tatu? Si uliniambia Jumapili iliyopita amemaliza bakuli?"

"Nilikuambia."

"Kwa nini, Baba?"

"Niliogopa." Akapangusa unga kwenye vidole, ingawa haukuwepo. "Nimefungua daftari lako. Nimeoka zile biskuti. Anazikataa."

"Wewe umeoka biskuti za mbwa?"

"Trei nne. Paka wa jirani amenenepa mpaka anakwama dirishani."

Akasikia kicheko kidogo, kikakatika njiani.

"Unampaje?"

"Nimpeje tena? Namwekea kwenye bakuli."

"Biskuti hazili hivyo. Nilimpa hivi tangu akiwa mdogo: naketi chini, nang'ata mimi kwanza, nusu yangu, nusu yake. Sikuandika kwenye daftari. Sikudhani kuna mtu ataihitaji."

"Mimi sikujua."

"Ungejuaje, Baba? Hukuwahi kuketi na sisi."

Alisema bila ukali. Ndiyo maana iliuma.

"Kwa hiyo nile biskuti ya mbwa."

"Ni unga na boga. Umekula mabaya kuliko hayo kwenye harusi za watu, ukasifia."

Baba Mkate akajishusha sakafuni, mkono mmoja kwenye kiti, magoti yakilalamika. Akachukua biskuti, akaing'ata katikati. Akafumba macho, kama alivyokuwa akifanya kiwandani kabla ya kuruhusu mkate wowote utoke mlangoni. Chumvi huficha makosa mengi ya mwokaji. Hapa hapakuwa na cha kuficha. Boga lilifika kwanza, tamu, halijazidi. Karanga zikafuata nyuma kwa utulivu. Aliyepima hivi alikuwa mwokaji, na hakufundishwa na mtu. Alisimama tu karibu na babaye miaka yote ile, akitazama.

"Baba? Upo?"

"Nipo, naonja." Akameza. "Imekaa sawa. Kipimo chako hakina kasoro hata kidogo. Ningeionja siku ile, ningeyasema haya mbele ya shangazi zako."

Akanyoosha mkono na nusu iliyobaki. Mgeni alimnusa vidole, akasogea, akamnusa midomo kwa muda mrefu. Kisha akaitwaa, na jiko zima likasikia ikivunjika kati ya meno yake mabovu.

"Nani huyo anatafuna?"

"Sisi wawili."

Akamsikia bintiye akipenga kamasi mbali na simu. Sasa ilikuwa zamu ya neno lake la kila Jumapili, haya, mwanangu, uendelee na kazi. Likaja mpaka mdomoni. Akalimeza pamoja na makombo.

"Nimekukumbuka," alisema. "Si Mgeni. Mimi. Utakuja lini?"

Mgeni aliacha kutafuna, akainua lile sikio lake zima. Wote wawili, pale sakafuni, wakaitazama simu.