Faili Lisilolalamikiwa

Hebu nikuulize, umewahi kumsikia mtu akijisifia sufuria iliyosuguliwa na mwenzake? Basi kaa vizuri, nikusimulie ya Bi Kiraka na shemeji yake.

Bi Kiraka walimbandika jina hilo kazini, maana kila wiki alituma marekebisho madogo madogo, mstari huu leo, mstari ule kesho. Chumba chao cha kazi kilikuwa juu ya duka la viatu. Meza zilikuwa tatu, moja imewekewa boksi lililokunjwa chini ya mguu, na harufu ya gundi ilipanda ngazi kutwa nzima. Humo walitunza programu inayoifanya kompyuta moja ijigawe iwe kama kompyuta kumi, kila moja ikijiona iko peke yake. Haiuzwi. Anayetaka anaisoma, anayeweza anairekebisha.

Kila mwaka walipokea mwanagenzi mmoja kwa miezi mitatu. Mwenye wazo la mradi aliliandika: kazi yenyewe, ugumu wake, na chini kabisa jina la atakayefundisha. Pasipo jina, wazo linatupwa. Mwaka huo mwisho wa kupeleka ulikuwa siku hii ninayokusimulia, saa sita mchana.

Bi Kiraka alikuwa na wazo lake kwenye droo, mwaka wa tatu sasa, chini ya kitana na kopo la mafuta ya mikono. Hakulitoa. Alingoja aulizwe. Nani amuulize, wakati Shemeji hajamaliza kusema?

Shemeji ndiye aliyemwoa mdogo wake, na walifanya kazi chumba kimoja. Shati lake lilipigwa pasi hadi kwenye vifungo, na kila akikaa alikigeuza kiti, mgongo mbele, kama mpiga picha wa harusi. Saa nne akaanza kusoma kwa sauti.

"Mradi wangu unaitwa Kufagia ya Kale. Mwanagenzi atalifuta faili la kusomea disketi za zamani. Limeoza, halina mwenyewe."

Bi Kiraka akamtazama toka utosini hadi kwenye soksi. Limeoza! Mtu ambaye kikombe chake cha chai huoshwa na wenzake.

"Umejuaje limeoza?" akauliza Mratibu aliyepokea mawazo hayo, mzee wa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

"Nimepitia barua za miaka sita, mzee wangu. Hakuna hata mmoja aliyelilalamikia. Kitu kisicholalamikiwa hakitumiki. Hesabu nyepesi."

Bi Kiraka akachekea puani. Kila Jumatatu kabla ya chai alilijaribu faili hilo, kosa likichungulia analikata kichwa kabla halijamfikia mtu. Kuna kiwanda cha sweta ambacho kompyuta zake nzee zilisoma michoro kwenye disketi na kuziamuru mashine za kufuma. Kompyuta hizo zilipokufa moja moja, programu hii ndiyo iliyoshika nafasi zao, na faili hilo ndilo linalozisoma disketi. Watu wale walifuma tu, wala hawakujua kuna wa kumlalamikia. Na huyu hapa ameuona ukimya huo akadhani ni kaburi!

"Shemeji, umelifungua hilo faili?"

"La nini? Nani anafungua pipa la taka asome kilichomo?"

"Lifungue, baba. Halikung'ati."

Akalifungua kwa kidole kimoja. Orodha ya marekebisho ikashuka kwenye kioo, ikashuka, ikashuka. Mia mbili kumi na mbili, na jina ni lile lile. Mratibu akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani.

"Yote haya yako, mama?"

"Viraka tu hivyo, mzee," Shemeji akadakia, shingo imeanza kulowa. "Nukta hapa, mstari pale. Ushonaji."

"Sawa. Na huo ufagio wako, atafundisha nani?"

Shemeji akakohoa. "Mimi nimebanwa sana. Nimemwandika yeye. Si ana nafasi?"

Kumbe jina la Bi Kiraka lilikuwa pale, kwenye mstari ule ule alioungoja miaka mitatu, na limewekwa ili akamfundishe mgeni kuzika kazi yake. Na hakuulizwa hata hapo.

Bi Kiraka akavuta droo. Akasogeza kitana, akasogeza kopo, akatoa karatasi iliyokwisha kuwa njano kwenye mikunjo. Saa ukutani ilisema tano na nusu. Akampita Shemeji kama anavyopita kigoda, akaiweka karatasi mbele ya Mratibu.

"Huyo naye ni wa kuombewa macho, mzee, sina neno naye. Ila mimi nilitaka kufundisha. Mwaka juzi nilitaka, mwaka jana nilitaka, nikakaa nikingoja mniulize. Nataka huyo mwanagenzi aje akae kwenye meza yangu, nimwonyeshe faili hili linavyotunzwa, ili siku nikiondoka liwe na mtu. Jina langu liandikwe hapo chini, na leo niliandike mwenyewe."