Vidole vya Fundi Lipu

Asubuhi ile nilisugua mikono mpaka mke wangu akaniuliza kama nakwenda ofisini au nakwenda kuposa. Nikamwambia mtu mwenye adabu haendi kwenye meza za vioo na saruji kwenye kucha. Mimi ni fundi lipu. Kazi yangu ni kulainisha kuta za watu, na saruji ni kama mkwe mkorofi, ikishaingia nyumbani haitoki. Nilichukua brashi ya kufulia na lile jiwe la kusugulia visigino, nikasugua vidole mpaka vikawa vyekundu. Kumbe najimaliza mwenyewe.

Shida ilianzia kazini. Niliinama kuchota maji kwenye pipa, simu ikachomoka kwenye mfuko wa shati, ikazama. Tulipoianika juani, simu ilifufuka ila ilikuwa imesahau kila kitu, na laini ikabaki maiti. Ingekuwa yangu peke yangu ningesema liwalo na liwe. Lakini laini ile ilikuwa shule ya binti yangu.

Binti yangu nyumbani tunamwita Profesa. Shuleni kwao, sekondari, wameanza kufundishia kwa simu. Mwalimu wa hesabu anajirekodi akiwa ubaoni, anatuma somo, na kila mwanafunzi analifungua kwenye akaunti yake iliyosajiliwa kwa namba ya mzazi. Wengine walitumia simu za wazazi wao kutazama mipira na wacheza ngoma. Wangu alikaa mlangoni kila jioni akitatua maswali na kucheka peke yake. Mtoto anacheka na pembetatu! Mimi na mama yake tulikuwa tunatazamana tu, tusijue hiyo akili kaitoa ukoo gani, ingawa kila mmoja alidai ni wake.

Jumamosi ile ndiyo ilikuwa siku ya jaribio la kuchagua mchepuo. Lilifanywa kwenye simu na kufungwa saa kumi jioni. Ukifaulu unaingia sayansi. Usipolifanya, unatupwa popote penye nafasi. Profesa alikuwa anaitaka sayansi kuliko chakula.

"Si utumie simu ya mama yako?" nilimuuliza njiani tukienda ofisini.

"Nimejaribu, baba. Nikiingia kwa simu nyingine, mfumo unatuma namba ya siri kwenye laini yako. Bila hiyo namba haufunguki."

"Basi badilisha, uweke namba ya mama."

"Ili nibadilishe, mfumo unatuma kwanza namba ya siri kwenye laini yako."

Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Aliyetengeneza kitu kile alikuwa na kipara.

Ofisi ya kampuni ya simu ilikuwa na baridi na viti vya kung'aa. Tulikaa foleni mpaka zamu yetu. Dada wa kaunta alinipa shikamoo ya heshima, akapokea kitambulisho, akasogeza kidude chenye kioo kidogo.

"Weka kidole gumba, baba. Tukishapata alama, laini mpya ni dakika moja tu."

Nikaweka. Taa nyekundu. Nikaweka cha pili, nyekundu. Tulizunguka mkono wa kulia, tukahamia wa kushoto, tukarudi wa kulia. Dada akanishika mkono, akautazama kwa karibu.

"Baba unafanya kazi gani?"

"Fundi lipu."

"Hapa hakuna alama hata moja. Saruji imekula, halafu kama vile umejisugua leo."

"Nimenawa tu," nilisema. Profesa akanitazama. Alijua nilichofanya, kwa sababu alinimwagia maji yeye.

"Mbona nilipoisajili zilisoma?" niliuliza.

"Labda siku hizo ulikuwa umepumzika."

Kweli. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi mizima bila kazi. Ukiwa na njaa una alama, ukishiba huna.

Foleni nzima ikageuka waganga. Mmoja akasema nipulizie kidole pumzi ya moto. Mwingine akasema nipake chumvi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akatoa mafuta ya mwanawe, nikapakwa nikanukia kama mtoto mchanga. Kidude kikaendelea kuwa chekundu. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, maana ningefanya nini?

Akaitwa msimamizi, kijana mwenye tai. Hapo nilikuwa nimeanza kupandisha sauti.

"Kitambulisho hiki hapa. Sura hii hapa. Na huyu mtoto, mtazame, pua si yangu hii? Unataka ushahidi gani tena?"

"Mimi nakuamini, mzee," alisema, na nafikiri hakunidanganya. "Mashine ndiyo haikuamini. Na bila mashine, hata mimi siwezi kubonyeza chochote. Pumzisha mikono wiki chache, alama zitarudi."

"Jaribio ni leo!"

"Pole sana, mzee."

Tukampigia mwalimu wa hesabu kwa simu ya mke wangu, tuliyokuja nayo. Profesa aliongea, kisha akanipa mimi.

"Najua anaweza," mwalimu alisema. "Ubaoni ananisahihisha hata mimi. Lakini maswali siyaoni, na alama siziingizi mimi, yote yamo kwenye mfumo. Naomba unisamehe, mzazi."

Mtu ananiomba msamaha, nami sina cha kumsamehe. Ningepata wa kugombana naye siku ile ningeshukuru. Kila niliyemkamata alikuwa mwema na mikono mitupu.

Nikarudi kaunta. Dada yule alikuwa na moyo, aliniacha nijaribu kila alipomaliza mteja. Nilifuta kidole kwenye suruali, nikabonyeza. Nikafuta, nikabonyeza. Profesa alisimama pembeni akitazama saa ya ukutani. Baadaye alinigusa kiwiko.

"Baba, toa kidole. Limeshafungwa."

Sikukitoa. Nilikikandamiza mpaka kucha ikawa nyeupe, kana kwamba kuna mtu upande wa pili wa kile kioo ambaye angenionea huruma. Binti yangu ndiye aliyeuondoa mkono wangu, taratibu, akamwambia dada asante.

Alipangwa historia. Hakulalamika, na hilo ndilo linaloniumiza. Angelia ningembembeleza, kazi hiyo naiweza. Aliyafunika madaftari yake mapya kwa magazeti na akaanza kukariri miaka ya vita.

Kisha masika yakaja, ujenzi ukasimama, nikakaa ndani mikono mifukoni. Siku moja nikapita pale ofisini bila hata kunawa. Kidole cha kwanza, taa ya kijani. Dada akanipongeza.

Nilifika nyumbani, simu ikaanza kulia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe uliokuwa umekwama tangu laini ife. Profesa akaichukua, akausoma wa mwisho kwa sauti:

"Mwanafunzi mpendwa, hukufanya jaribio lako. Ongeza bidii katika masomo. Tafadhali usijibu ujumbe huu."

Nikamwambia aufute.

"Nimeshaufuta, baba," alisema, na bado alikuwa anausoma.