Kisanduku cha Viuno

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenye suruali na wenye sketi, kwamba asubuhi ile maarifa yote ya ushonaji yalikuwa yakikusanywa mahali pamoja, kwa utaratibu, kwa manufaa ya vizazi vijavyo.

Mahali penyewe palikuwa boksi la viatu lililochanika pembe. Na kizazi kijacho kilikuwa wifi yake fundi mwenye duka, wifi ambaye maishani mwake alikuwa hajawahi kushona kitu chenye mikono. Mapazia, basi.

"Wifi, hii nayo ni nini?" aliuliza, akiinua kipande cha mfuko wa saruji. "Umeandika, 'Kushoto kumelala.' Nani kalala?"

"Bega," alijibu fundi, ambaye wateja walimwita Mama Futi kwa sababu ya utepe wa kupimia usiomtoka shingoni. "Yule anayebeba mkoba kutwa. Bega lake la kushoto limelala. Usipoweka pamba upande huo, koti litamwanguka."

"Yule yupi? Jina lake nani?"

"Jina la nini? Namjua akiingia."

"Wewe ndiye unayemjua. Mimi nitaona mtu na mkoba. Nusu ya mji huu ina mikoba!"

Kifundo cha mkono wa kulia wa Mama Futi kilikuwa kimefungwa bendeji. Keshokutwa angepasuliwa, na daktari alikuwa amemkataza kushika hata mkasi kwa miezi kadhaa. Duka lingebaki kwa wifi. Hilo angeweza kulimeza. Lililomkwama kooni ni kwamba mchana huo mwalimu mkuu wa shule ya bweni, pale ng'ambo ya barabara, angekuja kuamua kama sare za wanafunzi wapya zibaki hapa au ziende kwa mafundi wa sokoni. Sare zikienda, hakuna duka la kurudia.

Ndiyo maana walikuwa wakivuna karatasi. Zilikuwa kila mahali: nyuma ya kalenda, chini ya cherehani, ndani ya kopo la vifungo, na mengine yalikuwa maandishi ya chaki ukutani. Kila mteja aliyewahi kusimama mbele ya kioo kile aliacha siri moja ya mwili wake, na Mama Futi aliiandika mara tu mlango ulipofungwa. Alikuwa akijiandikia mwenyewe. Sasa kila mara wifi aliposoma moja kwa sauti, Mama Futi alihisi kama mtu anayeanikiwa nguo za ndani barabarani.

Walijaribu kupanga kwa majina, majina hayakuwepo. Wakapanga kwa nguo. Mtu mmoja akajikuta amekatwa vipande, koti huku, suruali kule. Mwishowe wifi alikata kadi, akaligawa boksi kwa vikadibodi, akaandika juu yavyo: MABEGA. VIUNO. MIGUU. WAONGO.

"Waongo?"

"Si umeandika mwenyewe? 'Anasema inamtosha, haimtoshi.' 'Anasema ni ya dada yake, ni yake.' Hawa wanahitaji chumba chao."

Mama Futi alicheka, mkono ukamuuma, akakumbuka saa. Alifumba macho, akawaona wakiingia mlangoni mmoja mmoja, akawataja kwa kazi zao, wifi akaandika. Kila kadi iliyoingia boksini ilimwacha mwepesi kidogo na mwenye hofu zaidi. Wifi akishayajua yote haya, yeye atabaki na nini?

Mwalimu mkuu aliingia, viatu vikitangulia kusikika.

"Pole na mkono, fundi. Nitakuwa mkweli: nina wasiwasi. Wewe ndiye unayetujua."

"Wasiwasi wa nini, mwalimu?" wifi alidakia. "Tuna utaratibu. Kila mteja yumo humu. Ngoja nikutoe wewe mwenyewe uone."

"Wifi," alisema Mama Futi.

"Viuno, viuno... huyu hapa! 'Mwalimu mkuu. Ukimpima anavuta tumbo ndani. Ongeza inchi mbili kwa siri, usimwa—'"

Sauti ilimwishia. Kadi ikabaki hewani. Mama Futi aliziona sare zote zikivuka barabara kwenda sokoni, zikiandamana bila watu ndani.

Mwalimu mkuu alinyoosha mkono. Wifi akampa kadi kama mwanafunzi aliyekamatwa na barua darasani. Mwalimu aliisoma mpaka mwisho, akairudia.

"Tangu lini?"

"Tangu sketi ya kwanza, mwalimu." Sauti ya Mama Futi ilitoka nyembamba kama uzi.

"Nami nikidhani sketi za hapa ndizo zinazonipenda."

Akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu. Akainama juu ya meza ya kukatia, akalikata neno "mbili", akaandika juu yake "tatu". Kadi akaichomeka mwenyewe mahali pake.

"Wanafunzi wapya watakuja kupimwa Jumatatu," alisema, akigusa kikadibodi cha WAONGO. "Wote waanzie hapa."

Alipokwisha toka, wifi alijibwaga kitini, pumzi juu juu. Mama Futi alijishika mbavu, asijue kama ni kicheko.

"Bado moja," wifi alisema baadaye, akibandua karatasi chini ya pasi. "'Mtoto wa bweni, yule wa suruali fupi. Husikiliza dirishani. Akiondoka, hesabu vifungo.' Huyu naye aende wapi?"

Mama Futi aligeuza uso taratibu kuelekea dirishani.

Nje, chini ya dirisha hilo, msimulizi wa hadithi hii, ambaye wakati huo alipaswa kuwa kwenye hisabati, aliacha kupumua. Basi, ijulikane kwa wote: vifungo viwili vya shaba vilikuwa mfukoni mwake, na alikuwa na mipango mizuri sana navyo.

Mkono wake ulipanda ukutani, ukavilaza juu ya kizingiti cha dirisha, kimoja, kisha cha pili. Vikameta juani. Ndani, kalamu ya wifi ilikuwa imesimama juu ya kadi, ikingoja kuambiwa.